Dakika 48: Mtoto Hafunzwi Akiwa Benchi

Haya, leo nataka kugombana kidogo. Ka wanifuata kwa ajili ya gemu, kaa hapa. Ka wewe ni kocha wa watoto hapa kisiwani, kaa vizuri zaidi, manake nusu ya haya ni yako.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Bro, nimepata kijana wa miaka 18 kwenye BuzzerBeater, mrefu hatari, uwezo wake uko juu. Nimfunze nini?" Na kabla sijajibu, washajibu watu kumi. Mweke senta. Mpige ribaundi na ulinzi wa ndani. Usimguse na kitu kingine mpaka afike 22, halafu muuze. Wanajibu haraka hivyo kwa sababu ndo jibu walilolelewa nalo uwanjani. Mrefu akae chini ya kikapu, mfupi abebe mpira, basi, twende nyumbani.

Mimi nasema jibu hilo ni bovu. Ni bovu kwenye gemu, na ni bovu zaidi kwenye uwanja wa shule wenye ringi isiyo na wavu, ambako anayefunzwa ni mtoto wa mtu.

Kwa wasioijua: BuzzerBeater ni gemu ya kuendesha timu ya basketi. Hushiki mchezaji ukamkimbiza kwa vidole kama NBA 2K. Wewe ndo bosi, wewe ndo kocha. Unanunua, unauza, unalipa mishahara, unapanga nani aanze, na kila wiki unachagua kitu kimoja cha kuwafunza vijana wako. Kimoja tu. Haili bando na haina haraka. Msimu mmoja ni wiki 14 za kalenda hii hii yetu, na msimu ukiisha mchezaji wako ameongeza mwaka. Hesabu mwenyewe: kijana wa miaka 18 mpaka afike 21 ni misimu mitatu, wiki 42. Mpango unaouweka leo utajua ka ulikuwa wa maana karibu mwakani saa hizi. Kuna watu hawawezi kungoja viazi karai vitoke kwenye mafuta, lakini gemu hii wataisubiri.

Sasa kuna sharti moja la hii gemu ambalo ndo limenifanya niandike. Mazoezi hayafanyiki mazoezini. Yanafanyika ndani ya mechi. Ukichagua kufunza pasi, atakayefaidika ni aliyecheza nafasi ya pointi gadi wiki hiyo. Na ili apate mazoezi kamili ya wiki, lazima afikishe dakika 48 katika nafasi hiyo. Dakika 48 ni mechi nzima kwa sheria za NBA, robo nne za dakika 12. Ukimpa dakika 20, atafunzwa cha dakika 20. Ukimwacha benchi hapati kitu, hata ukiwa umemwajiri mkufunzi wa bei ghali kabisa.

Timu ina mechi tatu kwa wiki, kawaida mbili za ligi na moja ya kirafiki. Nafasi moja, mechi tatu, dakika 48 kila mechi, jumla 144. Gawanya kwa 48, unapata watu watatu. Ukitaka kufunza kwa kasi kamili, wiki hiyo una viti vitatu, na kila unayemkalisha umemnyima mwingine. Waweza kupanua ukafunza nafasi mbili kwa pamoja, watu wakaongezeka, lakini kila mmoja anaenda polepole. Chai ni ile ile, umeongeza maji.

Rudi kwa yule mrefu. Wataka ajue pasi? Acheze pointi gadi. Kijana wa sentimita 210, hajui kumiliki mpira, unampa aulete mbele katika mechi ya ligi mbele ya mashabiki waliolipa. Ataupoteza. Ataupoteza tena. Mtafungwa, mashabiki watanuna, mapato yatashuka. Hiyo ndo bei, na gemu imekuwekea bei hiyo mezani bila kuficha. Ndo maana wengi wanakimbilia kumweka senta, manake pale anakusaidia kushinda Jumamosi hii. Halafu wanasema wana mpango wa miaka mitatu. Mpango gani? Una njaa tu.

Na msiniambie mrefu hajifunzi vitu vya gadi. Anajifunza, ila polepole kuliko mfupi, kwa sababu gemu inahesabu urefu katika kasi ya kila ujuzi. Sasa ka kitu kinaenda polepole, kwani si ndo unakianza mapema, akiwa 18 na 19, wakati anapokea haraka? Ribaundi kwa mrefu ni rahisi, hata akiwa 22 utampa. Nyinyi mwafanya kinyume. Mwamjaza kilicho rahisi akiwa mdogo, akishakomaa ndo mwataka kumpa kigumu. Akifika 27 au 28 kila hatua ni kusukuma mkokoteni wa maji kwenye mchanga.

Isitoshe, kila mchezaji ana kiwango chake cha uwezo kimeandikwa pale, kuanzia wa chini kabisa mpaka wa kuingia katika historia. Akikaribia kiwango hicho mazoezi yanakuwa mazito ghafla. Kwa hiyo ulichotanguliza kumfunza ndo utakachobaki nacho. Na mshahara unafuata ujuzi: mtu aliyepandishwa vitu viwili vitatu tu mpaka juu kabisa anakula pesa nyingi, halafu robo ya nne akikabwa na watu wawili hana pa kuupeleka mpira. Wamjua mchezaji wa aina hiyo. Kila timu ya mtaa inaye.

Basi tutoke kwenye kioo twende kiwanjani.

Mji wa Kale hauna nafasi ya kuweka uwanja wa basketi kila mtaa. Ukitoka Ndia Kuu ukaingia Kibokoni, ukapita vichochoro mpaka Kuze, upana wa njia ni wa mkokoteni na mtu mmoja aliyejibana ukutani. Kandanda inachezeka humo, kwa mawe mawili na mpira wa kuchezea. Basketi yataka ringi, yataka sakafu ngumu, yataka nafasi. Kwa hiyo watoto wetu wanatoka, wanafuata viwanja vya shule na vya klabu, wanakwenda wengi, na wanakuta kimoja.

Sasa tuhesabu. Jua la saa nane mchana hapa hulichezi, lami inaunguza hata na viatu. Mchezo unaanza baada ya swala ya alasiri na unaisha magharibi. Tuseme kuna masaa mawili ya kucheza hasa, dakika 120. Uwanja unachukua watu kumi. Hizo ni dakika 1,200 za kugawana. Wakija watoto 40, kila mmoja haki yake ni dakika 30. Sio 48, lakini si haba. Ukienda mara tatu kwa wiki una dakika 90, na mtoto wa miaka 13 mwenye dakika 90 za mpira mkononi kila wiki, mwaka mzima, atakuwa mtu.

Lakini wajua tunavyogawana. Anayefungwa atoke. Timu ya kwanza kufika alama saba inabaki, iliyofungwa inakwenda kukaa ukutani kungoja zamu, na mbele yake kuna timu mbili. Kwa hiyo aliyekuja akijua anacheza masaa mawili, na aliyekuja kujifunza anacheza dakika sita, anakaa nusu saa akitafuna mabuyu, anacheza sita nyingine, anaondoka. Kesho harudi. Halafu tunasema, "Yule hakuwa na kipaji." Yakhe, alikuwa na dakika 12! Kwenye gemu yangu hata mchezaji mwenye uwezo wa juu kabisa, ukimpa dakika 12 kwa wiki, miaka mitatu baadaye yuko pale pale ulipomchukua, ameongeza umri tu.

Sijali ka watu wazima wanacheza hivyo. Watu wazima wamekuja kutoa jasho na kutaniana. Nasema watoto, na nasema pale ambapo kuna kocha amesimama na filimbi shingoni anaangalia jambo hili likitokea mbele yake na kuliita mazoezi.

Shuleni je? Ratiba ya michezo ya shule za sekondari Kenya inaiweka basketi muhula wa kwanza, pamoja na hoki, handiboli na raga ya watu 15. Muhula wa pili ni zamu ya kandanda, voliboli, netiboli. Maana yake shule ikitolewa hatua ya kaunti ndogo, msimu wa mtoto umekwisha kabla mvua ya masika haijaanza. Mechi alizocheza waweza kuzihesabu kwa vidole. Na mechi yenyewe ni ya dakika 40, watu watano ndani, dakika 200 za kugawana. Kikosi ni cha watu 12. Ukigawa sawa kila mmoja anapata 16 na ushei. Nani anagawa sawa? Watano wanacheza 35 au zaidi, wawili watatu wanaonja, waliobaki wamekuja kubeba chupa za maji na kupiga makofi. Na mara nyingine kati ya wale watano kuna kijeba mwenye ndevu amesajiliwa kidato cha pili, anashika ribaundi zote, kocha anachekelea. Ribaundi alizoshika kijeba ni za mtoto gani? Ziko wapi sasa?

Nina binamu yangu. Akiwa na miaka 14 alikuwa ashapita futi sita, akawa kivutio. Shule siitaji, kocha simtaji, hawako peke yao. Siku ya kwanza alioneshwa pa kusimama: hapa, chini ya kikapu, mikono juu. Akapewa amri moja, ukishika mpira mpe gadi haraka. Miaka minne. Akiudunda mara mbili anapigiwa kelele. Alishinda medali, zipo, nyanya amezitundika sebuleni karibu na saa ya ukutani. Alipomaliza kidato cha nne, akasimama na futi sita na inchi tatu zake, hajaongeza. Futi sita na inchi tatu, wenzangu, katika basketi ya watu wazima ni urefu wa gadi! Akaenda kujaribiwa na timu kubwa, wakamuuliza ka anaweza kuuleta mpira. Miaka minne amekatazwa. Sasa anauza simu, anauza vizuri, hana kinyongo. Kinyongo ninacho mimi.

Mnapenda kunitajia Hasheem Thabeet kila nikisema hivi. Sawa, tumzungumze. Kijana wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, alianza basketi akiwa na miaka kama 15, akaenda Marekani, akacheza chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili katika uteuzi wa NBA. Mtanzania wa kwanza. Sisi wote wa pwani hii tulijiona ndani yake, na haki yetu. Lakini jina lake mwalitumia vibaya. Mwalitumia kuthibitisha kwamba urefu unatosha. Kisa chake chaonesha kinyume. Msimu wa kwanza alipata dakika kama 13 kwa mechi, katika ligi ya mechi za dakika 48, na Februari 2010 akateremshwa kwenye ligi ya chini ya maendeleo, wa juu zaidi katika uteuzi kuwahi kuteremshwa mpaka wakati ule. Mwaka ule ule, aliyechaguliwa namba saba alikuwa Stephen Curry, na msimu wake wa kwanza alicheza dakika 36 kwa mechi. Mtasema Curry alikuwa bora ndo maana akapewa dakika. Huenda. Lakini tazama umri wa basketi wa kila mmoja. Mmoja alizaliwa na baba mchezaji wa NBA, ameushika mpira tangu anatambaa. Mwingine ameanza akiwa na 15. Nani kati yao alihitaji dakika zaidi? Na nani alipewa? Kila timu duniani inamlisha aliyeshiba, kwa sababu Jumamosi iko karibu.

Upande wa pili kuna Nikola Jokić. Msabia, mzito, haruki, uteuzi wa 2014 aliitwa namba 41, watu washazima televisheni. Senta anayetoa pasi kuliko gadi wengi, MVP mara tatu, 2021, 2022 na 2024. Kwenye akili ya makocha wetu wa kisiwani Jokić akiwa na miaka 14 angesimamishwa chini ya kikapu mikono juu, na angepigiwa kelele akijaribu kutazama upande mmoja na kupeleka pasi upande mwingine. "Wacha mbwembwe, mpe gadi!"

Najua hoja inayokuja, nimeipata barazani mara nyingi. Ami yangu mmoja, kahawa mkononi, husema: "Wewe mwana, gemu ni namba. Mtoto hana namba juu ya kichwa." Na ameongeza, kwa sababu hawezi kujizuia, kwamba nimeacha chuo nikaenda kulea watoto wa kompyuta. Shikamoo ami. Ndio, niliacha mwaka wa pili, na hilo ni la siku nyingine.

Lakini hoja yake ya kwanza naitaka, manake inanisaidia mimi. Ni kweli, kwenye gemu naona uwezo wa kijana umeandikwa. Najua huyu ataishia mchezaji wa kawaida, huyu atafika mbali. Kocha wa kiwanjani haoni. Memphis hawakuona, na walikuwa na madaktari, video na mamilioni. Mara arobaini timu zilipita mbele ya Jokić hazikuona. Sasa wewe usiyeona kitu, mbona ndo unaamua mapema kuliko mimi ninayeona? Mimi mwenye namba zote mbele yangu sithubutu kumfungia kijana nafasi moja akiwa 18. Wewe humjui mtoto atakuwa na urefu gani mwakani, na ushamwambia akiwa na 12 kwamba yeye ni senta. Kutoona kwako ndo sababu ya kuwapa wote mpira.

Hoja nyingine ni ya ushindi. Timu isiposhinda wazazi hawaleti watoto, shule haitoi basi, mfadhili hatoi jezi. Hii siidharau, ni kweli, na hata kwenye gemu kuna watu wamefunza vijana vizuri mpaka wakateremka daraja. Ndo maana gemu ina ile mechi ya tatu ya wiki, ya kirafiki, isiyokuongezea alama wala kukupunguzia. Dakika zake zinahesabiwa kwenye mafunzo sawasawa na za ligi. Mtu mwenye akili anaitumia hiyo. Mrefu analeta mpira, mfupi anapigana chini, mnafungwa kwa alama thelathini, hakuna aliyekufa.

Sisi mechi hiyo hatuna. Tuna mashindano. Mombasa twapenda kombe, wallahi. Ramadhani tunacheza usiku kwa kombe, likizo ya Desemba tunacheza kwa kombe, mtu akitaka ubunge analeta kombe na jezi zenye uso wake. Mechi mbili za kirafiki kwa mwezi, bila kombe, bila spika zinazopasua masikio, za watoto wa chini ya miaka 15, nani anaziandaa? Hazihitaji bajeti. Likoni wanakuja na feri, mtembea kwa miguu halipi. Majengo na Tononoka wanakuja kwa miguu. Mechi hizo hazina picha nzuri ya kupiga, na mimi mwenye kazi ya kupiga picha nawaambia hivyo, lakini ndo pekee ambazo mtoto wa benchi anaweza kupewa robo nzima akosee ashibe.

Na msifikiri nasema pwani haina kitu. Wanawake wa KPA wamebeba ubingwa wa Kenya mara kadhaa, ukumbi wao wa Makande uko hapa hapa kisiwani, nenda utazame. Kaya Tiwi kule Kwale, kwenye basketi ya wasichana wa shule jina lao linajulikana nchi nzima. Na nchi yenyewe sio kavu. Madina Okot ametoka Chuo Kikuu cha Zetech akaenda Mississippi State, kisha South Carolina. Nairobi City Thunder mwaka 2025 wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Tunao watu. Tunawapata kwa bahati, halafu tunajipongeza.

Timu ya taifa ya wanaume, Morans, ilimaliza ya nne kwenye ubingwa wa Afrika 1993, nyumbani, Nairobi. Ikarudi kwenye mashindano hayo 2021, Kigali, baada ya Tylor Ongwae kutia kikapu cha mwisho dhidi ya Angola kule Yaoundé mwezi wa Februari, 74 kwa 73. Sote tulishangilia, mimi nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kati ya mwaka wa kwanza na wa pili ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa wakati ule wa Nairobi alikuwa ashafika umri ambao kwenye gemu yangu simfunzi tena, namuuza. Vizazi vingapi vya miaka 18 vimepita katikati, vimekaa ukutani vikingoja zamu?

Kwa hiyo kocha, nakuomba kitu kimoja, na sio pesa. Nunua daftari pale Marikiti. Upande wa kushoto andika majina ya watoto wote, sio ya wale watano. Juu andika tarehe. Kila siku jaza dakika alizocheza mtoto ndani ya mechi, na nafasi aliyocheza. Mpe kazi hiyo mtoto aliyeumia kifundo, atafurahi. Mwezi ukiisha jumlisha. Ukikuta mtoto ana dakika 50 za mwezi mzima, usimwambie mamake kwamba hana kipaji, mwambie ana dakika 50. Ukikuta mrefu wako hajawahi hata siku moja kucheza gadi, wiki ijayo robo ya kwanza ni yake. Na sheria ya anayefungwa atoke, siku mbili kwa wiki iweke kando. Tumia saa, dakika nane, wote wanatoka, wengine wote wanaingia.

Mimi wiki hii nafunza pasi. Watatu, pointi gadi, dakika 48 kila mmoja. Mrefu wangu anaanza mechi ya Jumamosi, na tunayecheza naye yuko juu yetu kwenye jedwali. Matokeo nitaweka hapa hapa, hata yakiwa ya aibu. Kocha yeyote wa kisiwani mwenye daftari lililojaa mwezi mmoja, nitumie picha ya ukurasa, funika majina ya watoto. Nitaziweka zote.